Maji ya mvua yanatuama nyuma ya nyumba

Ndugu, umesema ukuta wa nyuma una unyevu na jirani wa upande wa chini analalamikia maji yako. Rangi ya kuzuia maji iache kwanza. Itabanduka pamoja na lipu.

Anza na udongo. Ardhi ishuke sm 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Pima kwa vigingi viwili, uzi na pimamaji. Ukijaza udongo, ubaki sm 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu (lile lililolazwa ndani ya ukuta juu ya msingi), la sivyo unyevu utaliruka.

Kisha mtaro: upana sm 30, kina sm 50, ukishuka sm 1 kila mita. Tandika kitambaa cha kuchujia, kokoto, bomba la inchi 4 matundu yakitazama chini (wengi huyageuza juu, likajaa tope), kokoto tena, halafu kunja kitambaa.

Maji yaishie kwenye shimo la kokoto, mita 5 kutoka nyumbani, mbali na mpaka. Ila jaribu kwanza: chimba kishimo cha sm 30, kijaze maji, yakiisha kijaze tena. Yakilala mpaka asubuhi, huo ni mfinyanzi na shimo halitafaa. Hapo omba kibali cha kuyatoa kwenye mtaro wa barabara.