Kabla ya kulalamikia selo, jua funguo ziko kwa nani

Barua nyingi za familia kuhusu ndugu aliye mahabusu hukwama kwa sababu moja: zimeandikiwa mtu asiye na funguo. Aliye selo ya polisi hapa Mwanza, iwe Kirumba, Nyakato au Kituo cha Kati, yuko mikononi mwa mkuu wa kituo, OCS, na juu yake mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, na Kamanda wa Polisi wa Mkoa, RPC. Akishasomewa mashtaka, akakosa dhamana na kupelekwa gereza la Butimba, polisi hawana tena kauli juu ya godoro lake wala maji yake. Hapo wa kuandikiwa ni Mkuu wa Gereza, kisha Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Barua kuhusu msongamano wa Butimba ikienda kwa RPC itapokelewa kwa adabu na kulala kwenye faili.

Kikwazo kingine ni kuchanganya hali ya selo na kesi yenyewe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi hapa Mwanza, haichunguzi jambo lililo mbele ya mahakama. Ukiandika kwamba ndugu yenu amebambikiwa kesi ya wizi na huko ndani analala sakafuni, anayesoma ataishia kwenye kesi na kukurudishia barua. Kubambikiwa mwachie wakili. Ya sakafuni iandike peke yake.

Na iandike kwa hesabu. "Hali ni mbaya sana" haimlazimishi mtu yeyote kujibu. Linganisha na hii: "Kuanzia tarehe 3 hadi 9 mwezi huu, selo namba 2, yenye upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano, imelaza watu 31. Choo ni ndoo moja, inamwagwa asubuhi tu. Maji ya kunywa ni dumu moja la lita 20 kwa siku." Ofisa akisoma hayo ana mambo mawili tu: akanushe kwa hesabu zake, au aende akaangalie. Vipimo vya kulinganishia vipo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutumia mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha pamoja, choo kimoja kwa watu wasiozidi 25, na maji lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku. Kanuni za Mandela, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mahabusu atengwe na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, aruhusiwe kuvaa nguo zake kama ni safi, na asilazimishwe kufanya kazi. Ukitaka kifungu cha nyumbani, Ibara ya 13(6) ya Katiba inatosha: aya ya (b) inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hajathibitika, na (e) inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Usijaze barua vifungu. Ukurasa mmoja unasomwa. Kurasa sita zinawekwa kando zisomwe kesho.

Njia ya haraka kuliko zote, na ambayo watu wengi hawaitumii, ni hakimu. Mahabusu wa gerezani huletwa kortini kila baada ya wiki mbili hivi kesi ikitajwa. Mara nyingi kutajwa huko kunakwisha kabla hajakaa vizuri kizimbani: upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine, rudi kwenye karandinga. Pale kabla ya tarehe kupangwa ndipo mahali pa kunyoosha mkono: "Mheshimiwa, nina ombi. Tangu tarehe 4 sijapata dawa zangu za kisukari. Naomba iandikwe." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Yakiingia kwenye mwenendo wa shauri yanakuwa kumbukumbu ya mahakama, na hakuna atakayesema baadaye kwamba hamkuwahi kulalamika. Hakimu hawezi kulijengea gereza bweni jipya, lakini anaweza kuamuru mtu apelekwe hospitali na taarifa iletwe tarehe ijayo. Kesi ikitajwa kwa video, ombi ni lilelile, ila aseme mapema kabla mawasiliano hayajakatwa. Mfundisheni ndugu yenu siku ya kumtembelea: jambo moja, tarehe moja, ombi moja. Anayeanza kueleza historia yote huambiwa akae.

Kwa walio bado polisi, saa ndizo zinazohesabiwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama hilo haliwezekani, aachiwe kwa dhamana isipokuwa kosa lionekane kuwa zito. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunaleta ugomvi kila mara. Wavuvi waangalie zaidi: mtu akikamatwa ziwani na doria, akapitishwa mwalo mmoja hadi mwingine kabla ya kuandikishwa kituoni, kitabu cha mahabusu kitaonyesha saa ya kuandikishwa, si ya kukamatwa. Waliokuwa naye kwenye mtumbwi waandike saa waliyomwona akichukuliwa, wakati bado wanaikumbuka. Mashine na nyavu zilizoshikwa ziombewe kwa barua nyingine. Dhamana ya polisi haina malipo. Ukidaiwa "ya kutolea mtu", hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113.

Majeraha hayasubiri barua. Aliyepigwa apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na aonwe na daktari siku hiyohiyo, hospitali ya Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu, kwa sababu alama hufifia ndani ya siku chache na PF3 ya baada ya wiki mbili haisemi kitu. Mgonjwa wa TB, kisukari au anayetumia ARV aende na nakala ya kadi yake ya kliniki, na nakala nyingine ibaki nyumbani. Kikohozi kilichozidi wiki mbili ndani ya selo iliyojaa ni jambo la wote waliomo. Likilalamikiwa hivyo, hakuna mmoja wa kunyooshewa kidole.

Hofu ya kisasi ina sababu, na mimi simlaumu anayenyamaza. Yaliyo ya selo nzima, kama maji na choo, yalalamikiwe na mtu wa nje bila kumtaja aliyetoa habari. Yaliyompata mtu mmoja hayawezi kufichwa hivyo, kwa hiyo aulizwe kwanza kama yuko tayari. Mtoto wa chini ya miaka 18 akichanganywa na watu wazima usingoje ridhaa ya yeyote: mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyo.

Kila barua iwe na nakala inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko kwa Tume hayalipiwi, yanaweza kutolewa kwa mdomo, na ndugu anaweza kuyapeleka kwa niaba. Tume hutoa mapendekezo, haitoi hukumu, hivyo usikae ukingoja amri kutoka kwake. Amri hutoka Mahakama Kuu, na kwa huko tafuta wakili au watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi. Wapo pia watakaokushauri upeleke shauri moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha. Mlango huo ulifungwa: Tanzania ilitoa notisi ya kuliondoa tamko lake la kuruhusu wananchi kushtaki huko Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 mwananchi hawezi kufungua shauri jipya pale kwa jina lake.