Masika Unguja: usighairi safari, badili njia tu

Mkuu uliyeuliza kama ughairi Unguja wiki ya Pasaka kwa sababu umeona mvua imeandikwa siku zote, na una siku moja tu ya kuzunguka, mi nakwambia njoo. Ila achana na mpango wa Paje, ule ufukwe wa pwani ya mashariki. Nimeenda kule masika, maji yamekupwa mpaka huko mbali, mvua inakupiga, huogelei wala huna pa kujibanza, na gari umeshalipia.

Siku ya mvua shika barabara ya Bububu, ile inayotoka mjini kwenda kaskazini, kila kitu kiko upande huo. Asubuhi anzia mashamba ya viungo Kidichi, na hapo mvua ndo inasaidia maana majani yakilowa ukiyafikicha harufu inakuja yote. Mwambie kijana anayekutembeza akuchimbulie mzizi wa mdalasini, unanuka kama Vicks kabisa, watu huwa wanabisha mpaka wanuse. Vaa kandambili, lile tope jekundu raba nyeupe hazitoki salama.

Hapohapo Kidichi kuna hamamu, yaani bafu la kifalme, la Sultani Seyyid Said, ilijengwa 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shehrzad. Nje unaona vikuba vyeupe tu unaweza ukapita, ila ingia ndani uangalie plasta ya ukutani, wamechonga ndege na maua, na Waomani wa madhehebu ya Kiibadhi hawakuwa na mambo ya kuchonga ndege, ule ni mkono wa Kiajemi. Mvua ikizidi we kaa humo humo.

Ufukwe nenda Mangapwani, siyo mbali kutoka hapo. Kuna kile chumba kilichochimbwa kwenye mwamba, inaelezwa watumwa walifichwa humo baada ya biashara kupigwa marufuku 1873. Ngazi zinateleza, shuka polepole, na kusema kweli ukitoka pale hamu ya kuogelea inapungua. Kama unataka kuoga ulizia maji yanajaa saa ngapi kabla hujatoka hotelini.

Kurudi mjini pitia magofu ya jumba la kifalme la Mtoni, ndo alikozaliwa Salme binti Said 1844, yule aliyetorokea Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake. Jumba la Maruhubi mi naruka, iliungua 1899 zimebaki nguzo, na mvua hiyo nguzo za nini.

Jioni Mji Mkongwe. Zile baraza za mawe nje ya nyumba, vichochoro vikijaa maji ndo njia yenyewe, unatembea juu yake unasalimia wazee waliokaa, wanakusogezea miguu. Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash (1883), iliporomoka sehemu Desemba 2020, so ulizia kwanza kama unataka kuingia. Halafu tafuta urojo, ile supu nzito ya Zanzibar, wa moto, wenye bajia na kachori, pilipili usiogope.

Mwamvuli uache nyumbani aisee, upepo wa baharini unaugeuza dakika moja. Chukua koti la mvua na mfuko wa nailoni wa simu.