Kobe wa maji anayefugwa ndani Mbeya: anunuliwe taa gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Niko Mbeya mjini, maeneo ya Forest. Mwanangu ana kobe wa maji, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Gamba lake lina sentimita 12 hivi. Anakaa ndani kwenye tangi la kioo, karibu na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Tangu Juni ianze anakula kwa kusuasua, na ukingo wa gamba nikiubonyeza naona unanepa. Fundi umeme anasema niweke taa ya vifaranga. Duka moja la mtandaoni linaniuzia balbu ya wati 50 iliyoandikwa "UVA+UVB". Jirani ananiambia nichukue taa ya zambarau ya kukagulia noti, eti nayo ni UV. Ninunue ipi, na LUKU itaniumiza kiasi gani?

JIBU: Salama, mama. Balbu ya mtandaoni iache, taa ya noti iache, ya vifaranga tutaizungumza. Lakini kabla hujafungua pochi, tenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Joto ni hitaji moja, UVB (miale ya jua isiyoonekana inayomsaidia kobe kutengeneza vitamini D) ni hitaji lingine, na hapa Mbeya hayapungui msimu mmoja. Juni na Julai baridi inauma, ila anga liko wazi na jua linawaka mchana kutwa. Kinachokosekana ni joto. UVB inakuwa adimu Januari mpaka Aprili, mawingu yakishalala juu ya mlima Loleza na mvua inanyesha siku nzima. Kwa hiyo hela yako ya mwezi huu iende kwenye joto. Tyubu ya UVB jipange nayo kabla mvua hazijaanza. (Wa Tukuyu wasinifuate kwa hili. Kule mvua haina msimu wa kupumzika, taa zote mbili zinahitajika mwaka mzima.)

Sababu ya kuanza na joto ni hii. Kobe hatengenezi joto lake, analipata kwa anachokalia na anachoogelea. UVB ikimpiga kwenye ngozi inatengeneza malighafi ya vitamini D3, lakini malighafi hiyo inageuka kuwa D3 yenyewe kwa msaada wa joto la mwili. Kobe mwenye nyuzi 17 ukimweka chini ya taa ya UVB ya bei mbaya, kazi inakwenda kwa kuchechemea. Na kazi ya D3 ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Utumbo wa baridi hausagi chakula, sasa utafyonza nini?

Utasikia watu wakisema kobe hawa wamezoea baridi kwa sababu kwao, bonde la Mississippi kule Marekani, kuna majira ya barafu. Ni kweli, na huko hujizika kwenye matope chini ya maji wakalala miezi. Ila wanalala maji yakiwa chini ya nyuzi 10. Nyumba ya Forest mwezi Juni haifiki huko, inabaki kwenye 15, 16, 17. Hapo kobe halali na wala hali. Anaishi kwa akiba ya mwili, na kinga inashuka.

Unachotafuta ni maji ya nyuzi 24 hadi 26, pamoja na jukwaa kavu la kupandia lenye nyuzi 32 hadi 35. Maji yapashwe na hita ya tangi la samaki yenye themostati, inayojizima yenyewe maji yakifika joto ulilopanga. Kwa lita 50 kwenye chumba cha huku, wati 100 zinatosha. Ifunike na kikapu cha plastiki chenye matundu, maana kobe huilalia na kioo chake kinapasuka. Jukwaa lipashwe kwa juu, si kwa chini. Gamba la tumbo halihisi moto mapema, kobe anaweza kuungua akiwa ametulia tu.

Kwa jukwaa, balbu ya halojeni ya wati 50 au 75, au ile ya zamani ya uzi, inafanya kazi vizuri. LED haitoi joto la maana. Taa ya vifaranga aliyoisema fundi inatoa joto kweli, lakini ile ya wati 250 inayouzwa maduka ya pembejeo imekusudiwa banda la vifaranga, si tangi la mtoto. Ukiipata ya wati 100, ining'inize juu na uipime. Haina UVB hata chembe, na ile nyekundu izime usiku. Holda iwe ya kauri. Ya plastiki inayeyuka. Iweke mahali ambapo kobe akirusha maji hayataifikia, kwa sababu balbu ya moto ikidondokewa na tone hupasuka hapo hapo. Na ndugu akikutumia taa kutoka Marekani, soma volti kwanza: ya 110 haivumilii umeme wetu wa 230.

Kupima si kwa kiganja. Chukua kipimajoto kile kile cha banda la kuku, kilaze juu ya jukwaa pale gamba linapofikia, subiri nusu saa, ndipo usome. Ikizidi 36, pandisha taa sentimita tano, pima tena. Anayepanda na kushuka kila dakika, jukwaa lina moto sana. Asiyeshuka kabisa, maji ni ya baridi.

Sasa UVB. Dirisha lako halisaidii kwa sababu mbili. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, mwanga unapita na joto linapita, ila kile unachokitaka kinabaki nje. Halafu jua la asubuhi liko chini mno. UVB ya kutosha inataka jua lililopanda, na Mbeya, kwa kuwa tuko magharibi mwa saa ya Afrika Mashariki, jua linafika kileleni kama saa saba kasorobo, si saa sita kamili. Mtoe kati ya saa nne na saa sita. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo UV inavyoongezeka, na mji wetu uko karibu mita 1,700, kwa hiyo dakika 20 hadi 30 kwa siku zinafanya kazi kubwa kuliko taa yoyote utakayoagiza.

Tumia beseni pana, si tangi la kioo: kwenye jua, tangi huchemsha kobe ndani ya muda mfupi. Maji yawe na uvuguvugu sawa na ya ndani, na kuwe na jiwe la kupandia. Nusu ya beseni ifunike kwa kanga ili apate kivuli cha kukimbilia. Hata kivulini kuna UVB inayotawanywa na anga. Liweke nyuma ya ukuta, upepo wa Julai usimpige, na juu tandika wavu wa kuku. Kunguru wa Mbeya mnawajua wenyewe.

Masika yakifika, au kama mchana hakuna mtu wa kumchunga, nunua tyubu. Iwe tyubu ndefu ya T5 (aina nyembamba; T8 ndiyo nene) iliyoandikwa UVB asilimia 5 au 6, au "5.0", ikae sentimita 30 juu ya jukwaa, ikitazama chini, ikimulika kutoka pembeni inaumiza macho. Kati yake na kobe kusiwe na kioo wala plastiki. Wavu mwembamba nao hula sehemu kubwa ya UVB, hivyo ukiweka wavu sogeza taa karibu kidogo. Tyubu ya T5 idumu mwaka, ya T8 miezi sita, kisha ibadilishwe hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB huisha kabla ya mwanga. Andika tarehe ya kuifunga kwa maka pen kwenye kichwa chake, kumbukumbu haitakusaidia.

Ile balbu ya "UVA+UVB" ya wati 50 ni halojeni yenye jina refu. Kioo chake hakipitishi UVB hata kama uzi wa ndani ungeitoa. Na taa ya noti inatoa UVA, mawimbi ya nanomita 365 na zaidi, wakati UVB iko kati ya 280 na 315. Hiyo itampotezea muda tu. Hatari kweli ni taa za kuua vijidudu za nanomita 254, zinazofungwa kwenye mitambo ya kusafisha maji. Hizo ni UVC, zinaunguza macho ya kobe na ya mtoto. Mtu akikuuzia taa ya UV bila kukueleza ni ipi kati ya hizi tatu, rudisha.

LUKU: hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku inakula yuniti 1.2. Balbu ya wati 75 kwa saa 10 ni robo tatu ya yuniti. Tyubu ya UVB ya wati 24 kwa saa 10 haifiki hata robo. Funika nyuma na pembeni mwa tangi kwa vipande vya godoro, hita itapumzika zaidi. Jiko la mkaa usilete chumbani kwa ajili ya kobe wala ya mtu.

Gamba kunepa kwa kobe wa sentimita 12 si la kusubiri taa. Kwa ukubwa huo linatakiwa liwe gumu kama ukucha wa kidole gumba. Mlete aonwe, maana huenda akahitaji kalsiamu ya kunywa kwa wiki kadhaa. Usimpe matone ya vitamini D ya duka la dawa kwa kukadiria. Ikizidi, chokaa hujijenga kwenye figo na mishipa. Kama mmekuwa mkimlisha minofu ya nyama, acheni. Mpeni usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) mzima, na miba yake, usiotiwa chumvi, pamoja na majani. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, kobe hubeba salmonela bila kuumwa.

Wakati unajipanga kuja, mwangalie akiwa majini. Akielea amelalia upande mmoja, akitoa mapovu puani au akipumua kwa kufungua mdomo, hayo ni maradhi ya mapafu. Mpakie kwenye ndoo yenye taulo lenye unyevu na chupa ya maji ya uvuguvugu pembeni, uje naye siku hiyo hiyo.