Dereva ameachiwa huru mahakamani: je, familia bado inaweza kudai fidia ya kifo?

SWALI: Mume wangu aligongwa na lori akivuka barabara, akalazwa hospitalini siku 4, kisha akafariki dunia. Kesi ya jinai imekwisha na dereva ameachiwa huru. Sasa kampuni ya bima ya mwenye lori imetuletea fomu nisaini ili tulipwe. Marehemu alikuwa seremala wa kujitegemea, kwa hiyo hakuwa na hati ya mshahara. Shemeji yangu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, anasema fidia yoyote itaingia kwenye mirathi na kugawiwa ukoo mzima. Wakili niliyemwendea anataka theluthi ya kitakachopatikana. Je, tuna haki yoyote, na nimkubalie wakili huyu? Nina watoto 3 wadogo.

JIBU: Pole sana, mama, kwa msiba huu. Naanza na fomu, kwa kuwa mengine yote uliyouliza yanaweza kurekebishwa baadaye, lakini saini ni vigumu sana kuitengua. Fomu za namna hiyo kwa kawaida huwa na kifungu kinachosema kwamba malipo ni ya mwisho na kwamba anayepokea ameachilia madai yote, ya sasa na ya baadaye, dhidi ya dereva, mwenye gari na kampuni ya bima. Ukishasaini, hata ikigundulika mwezi ujao kwamba lori lilikuwa na breki mbovu na mwenye mali alijua, mlango unakuwa umefungwa. Usisaini, usitoe maelezo ya kurekodiwa kwa simu, na usipokee hundi yoyote kabla mtu anayejua sheria hajasoma karatasi hiyo neno kwa neno.

Kuhusu dereva kuachiwa huru, hilo halizuii madai yenu. Katika kesi ya jinai upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, ilhali katika shauri la madai inatosha kuonyesha kwamba inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli kwamba uzembe wa mdaiwa ndio uliosababisha kifo. Mfano unaojulikana ni wa O.J. Simpson nchini Marekani, aliyeachiwa huru mwaka 1995 katika kesi ya mauaji, kisha mwaka 1997 mahakama ya madai ikaona kwamba alihusika na vifo hivyo na kuamuru alipe mamilioni ya dola. Tena, mdaiwa wenu si lazima awe dereva peke yake, kwani mwajiri kwa kawaida hubeba dhamana ya uzembe wa mtumishi wake akiwa kazini.

Jiandaeni, hata hivyo, kusikia kwamba marehemu naye alikuwa na makosa kwa jinsi alivyovuka barabara. Uingereza na nchi nyingi zilizorithi sheria zake hupunguza fidia kwa kiwango cha mchango wa marehemu katika ajali, lakini yako majimbo ya Marekani, kama Virginia na Maryland, ambako mchango hata mdogo unaweza kufuta madai yote. Ndiyo maana ushahidi wa mahali pa ajali una thamani kubwa kuliko hoja za baadaye, na ndio unaopotea haraka: picha za kamera hufutwa na picha mpya, lori hutengenezwa likarudi barabarani, na shahidi aliyesimama kando akahama mji. Barua ya wakili inayomtaka mwenye lori asiharibu kumbukumbu wala kubadilisha vifaa vya gari inapaswa kutoka katika siku za mwanzo kabisa.

Sasa suala la shemeji, ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Zamani sheria ya Uingereza haikumpa mjane chochote kwa kifo cha mumewe, na katika shauri la mwaka 1808 mahakama ilitamka wazi kwamba kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama madhara katika mahakama ya madai. Ni mwaka 1846, reli zilipokuwa zikienea na ajali zikiongezeka, ndipo Bunge lilipotunga sheria iliyowapa mke, mume, wazazi na watoto haki ya kulipwa kwa hasara waliyoipata wao wenyewe. Kutokana na mtindo huo, nchi nyingi hutofautisha mambo mawili. Lipo dai la wategemezi, ambalo ni lenu wewe na watoto wako; msimamizi wa mirathi anaweza kulifungua, lakini analifungua kwa niaba yenu na fedha zake haziingii katika mali ya marehemu. Na lipo dai la mirathi yenyewe, linalohusu yale ambayo marehemu angeweza kudai kama angeishi, kwa mfano maumivu aliyoyapata katika zile siku 4 za hospitali na gharama za matibabu. Hilo la pili ndilo linalofuata kanuni za urithi. Kama shemeji anachelewa au hataki kufungua shauri la wategemezi, sheria kama za Uingereza na Kenya huwaruhusu wategemezi kulifungua wenyewe miezi 6 baada ya kifo.

Kukosa hati ya mshahara si kizuizi, ila kunaongeza kazi. Kusanya daftari za oda, risiti za mbao, ujumbe wa malipo kwenye simu, taarifa za benki, risiti za ada za shule, na majina ya wateja walio tayari kutoa ushahidi. Mahakama haipimi thamani ya mtu. Inapima kile ambacho wategemezi wamekipoteza. Tuseme inathibitika kwamba alikuwa akibakiwa na 900 kwa mwezi baada ya gharama za karakana, na kwamba theluthi moja alikuwa akiitumia mwenyewe. Familia imepoteza 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Kama alikuwa na miaka 20 ya kufanya kazi mbele yake, mahakama inaweza kuzidisha kwa 14 badala ya 20, kwa kuwa fedha zinalipwa mapema na zinaweza kuwekezwa, na kwa kuwa huenda angeugua au kukosa kazi. Hapo dai la utegemezi linafika 100,800. Fanya hesabu hii kwa takwimu zenu halisi, kisha uilinganishe na kiasi kilichoandikwa kwenye fomu ya bima.

Ama wakili, theluthi si kiwango cha ajabu nchini Marekani, ambako makubaliano ya kulipwa tu pale mteja anaposhinda ni ya kawaida. Kwingineko hali ni tofauti: nchini Kenya makubaliano ya kumlipa wakili kwa sharti la ushindi hayatambuliwi na sheria. Kabla ya kujadili asilimia, thibitisha kwanza katika chombo kinachosimamia mawakili kwamba ana leseni hai na kwamba malipo ya namna hiyo yanaruhusiwa. Yakiruhusiwa, mkataba uandikwe na useme kama theluthi inakatwa kabla au baada ya kuondoa gharama za mahakama na wataalamu, nani atabeba gharama hizo mkishindwa, na kwamba hawezi kukubali suluhu yoyote bila idhini yako. Binafsi humpima wakili kwa maswali anayouliza: aliyekutajia kiasi utakachopata kabla ya kuuliza umri wa watoto na kipato cha marehemu anabahatisha.

Mwulize pia siku ya mwisho ya kufungua shauri ni ipi, na akuandikie tarehe hiyo. Uingereza muda wa kawaida ni miaka 3, California ni miaka 2, na madai dhidi ya serikali mara nyingi huhitaji notisi ndani ya muda mfupi zaidi. Kwingi muda hauanzi kuwahesabikia watoto hadi wafikie utu uzima, lakini nafuu hiyo haikuhusu wewe, mama yao.