"Cheti tunacho": dawa ya mfadhili ndani ya mfumo wa zahanati

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni programa katika kampuni yenye mfumo wa kuendesha zahanati na vituo vya afya binafsi: usajili wa mgonjwa, maabara, dawa, madai ya bima. Msambazaji mmoja wa dawa amekubali kutulipa kila mwezi. Tabibu akiandika kikohozi au UTI, ujumbe uchomoze kwenye skrini kupendekeza antibiotiki yake, na akibonyeza mara moja tu dawa iingie kwenye orodha ya mgonjwa. Kila mwisho wa mwezi tutampa msambazaji ripoti: ujumbe umeonekana mara ngapi, umefuatwa mara ngapi, kituo gani, tabibu gani. Majina ya wagonjwa hayamo. Nilipohoji, mkurugenzi alisema tumesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, cheti tunacho, na anayeamua dawa ni tabibu, si sisi. Kwenye mkataba jambo hili limeitwa "elimu kwa watoa huduma". Kazi nimepangiwa mimi. Je, tuko sawa kisheria? (J., Mwanza)

Jibu

Marahaba, J. Hapana, hamko sawa, na kwa jinsi ilivyopangwa kazi hiyo usiiandike.

Upande wa sheria nitapita haraka, maana wasiwasi wako wenyewe unaonyesha umeshaanza kuliona tatizo. Kampuni yenu inafanya kazi kwa niaba ya zahanati, halafu inapokea pesa ya mtu wa tatu ili kugeuza kinachoandikwa ndani ya zahanati hiyo. Mwanasheria wenu asome kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kabla mtu yeyote hajasaini, kwa sababu sheria ile haikuishia kwa watumishi wa umma. Matangazo ya dawa nayo yana mwenyewe, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kuyabatiza jina la "elimu" hakuyatoi mikononi mwake. Kuhusu taarifa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuruhusu kukusanya kwa lengo moja ukatumia kwa lengo jingine kwa kuwa tu lengo la pili linalipa. Mnajitetea kwamba majina ya wagonjwa hayamo. Tabibu je? Jina lake na dawa alizoandika mwezi mzima ni taarifa zake binafsi, na ninyi mnampelekea mtu ambaye kesho atamtuma mwakilishi wa mauzo amgongee mlango akiwa na ile ripoti mkononi.

Tuje kwenye hoja ya mkurugenzi kwamba anayeamua ni tabibu. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naijua kabla mtu hajaimaliza. Kama ujumbe haubadilishi uamuzi wa tabibu, msambazaji analipia nini? Watu wa mauzo hawatoi sadaka. Analipa kwa sababu anajua chumba cha tabibu kilivyo saa tano asubuhi: foleni imefika mlangoni, mtoto analia, bima inadai fomu ijazwe, na kwenye skrini kuna kitufe kimoja kinachomaliza kazi yote. Mkono utaenda pale.

Jambo hili lina historia. Marekani ilikuwepo kampuni ya Practice Fusion ya San Francisco, iliyowapa madaktari mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa bila malipo. Iliomba na kupokea karibu dola milioni 1 kutoka kampuni ya dawa za kundi la opioidi, yaani dawa kali za maumivu zinazoweza kuleta uraibu, ili iweke ujumbe wa tahadhari kuhusu maumivu ndani ya mfumo. Daktari alikumbushwa kupima maumivu ya mgonjwa, kisha akaletewa orodha ya tiba ambamo opioidi zilikuwemo. Watu wa masoko wa kampuni ya dawa walishiriki kuusanifu ujumbe huo. Ulianza kuonekana mwaka 2016 na ukaendelea hadi 2019, wakati nchi ile inazika watu kwa uraibu wa dawa hizo hizo. Mwezi Januari 2020 Practice Fusion ilikubali kulipa dola milioni 145 kumaliza mashauri ya jinai na madai, na chini ya makubaliano hayo ikatakiwa kuweka hadharani nyaraka za uovu wake ili kila mtu asome. Kila daktari aliyeuona ujumbe ule alikuwa na uhuru wa kuukataa. Hoja hiyo haikuiokoa kampuni.

Tofauti ya kwenu ni kwamba mnauza antibiotiki, na sidhani kama hilo linapunguza uzito. Kikohozi kingi hakihitaji antibiotiki kabisa. Shirika la Afya Duniani limeziweka antibiotiki kwenye makundi tangu mwaka 2017, na dawa kama azithromaisini zimo katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu kwa sababu ya usugu wa vimelea. Ujumbe unaochomoza kila mtu akikohoa ni kinyume cha uangalifu. Sisi tuna Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Mkitaka kumwelimisha tabibu, wekeni mwongozo ule ndani ya mfumo, kwa jina la asili la dawa, bila nembo ya mtu.

Sasa cheti. Hapa uniruhusu nikae kidogo, maana ndipo panaponikera.

Cheti cha usajili kutoka Tume kinasema kwamba mmejitambulisha kuwa wakusanyaji au wachakataji wa taarifa binafsi. Basi. Hakisemi kwamba kuna mtu alikaa akaangalia mnachofanya na taarifa hizo Jumanne mchana, akaridhika. Leseni ya udereva haimpimi mtu ulevi. Lakini kila ninapokwenda kukagua kampuni za mifumo ya afya, swali langu la kwanza linajibiwa kwa kuonyeshwa fremu ukutani. Nauliza, "Nani anaweza kufungua faili la mgonjwa wa VVU?" Naonyeshwa fremu. Nauliza, "Tabibu akiacha kazi, akaunti yake inafungwa na nani?" Fremu tena. Kituo kimoja kilikuwa na cheti kizuri, na kumbukumbu za mfumo zilionyesha tabibu msaidizi aliyehama zamani bado anaandika dawa kila usiku. Neno lake la siri lilikuwa limebandikwa kwa selotepu chini ya kibodi ya dirisha la dawa, na zamu nzima ilikuwa inalitumia. Mwenye kampuni ya mfumo alijua. Aliniambia wateja hawapendi usumbufu.

Ukitaka kuona cheti na uadilifu vinavyoweza kuishi nyumba mbili tofauti, soma shauri la eClinicalWorks, kampuni nyingine ya Marekani, ya mjini Westborough, Massachusetts. Kule mfumo wa hospitali ulitakiwa kupita mtihani ili uthibitishwe, na sharti mojawapo lilikuwa uwezo wa kuchukua kodi sanifu, yaani namba ya utambulisho, ya dawa yoyote kutoka kwenye hazina kamili ya kodi hizo. Kwa mujibu wa Serikali ya Marekani, kampuni haikujenga uwezo huo. Ilichukua kodi 16 zilizokuwa zinahitajika kwenye mtihani, ikazipachika moja kwa moja ndani ya programu, ikafaulu. Serikali ilidai pia kwamba kumbukumbu za matendo ya watumiaji hazikuwa sahihi na kwamba maagizo ya vipimo vya picha hayakuwa yanarekodiwa kwa uhakika. Mwezi Mei 2017 kampuni na baadhi ya wafanyakazi wake walikubali kulipa takriban dola milioni 155, bila kukiri kosa.

Cheti walikuwa nacho. Kilikuwa halali kwa karatasi, na hospitali ziliununua mfumo huo kwa kukiamini. Aliyelifichua jambo hakuwa mkaguzi aliyetoa cheti. Alikuwa Brendan Delaney, fundi wa programu aliyefanya kazi na Jiji la New York, upande wa mteja, aliyeona mfumo unavyofanya kazi. Mimi lakini humfikiria zaidi mtu mwingine, ambaye jina lake halijulikani: yule aliyekaa kwenye kiti kama chako, akapewa kazi kama uliyopewa wewe, akaziandika hizo kodi 16 moja baada ya nyingine. Lazima alijua orodha ya dawa duniani haiishii 16.

Na hapa nyumbani tumeshapata vishoka wa fani hii. Tangu sheria ianze, wamejaa watu wenye suti na kompyuta mpakato wanaouza "uzingatiaji" kama kifurushi: sera, fomu za ridhaa, mafunzo ya nusu siku, picha ya pamoja, mmemaliza. Niliwahi kupewa sera ya faragha ya kampuni ya mfumo wa maabara. Ukurasa wa tatu ulieleza jinsi ya kutunza pasipoti za wageni wanapojisajili mapokezi, na mwishoni kidogo ukataja taarifa za kifungua kinywa. Kishoka alikuwa amenakili sera ya hoteli, akabadilisha jina la juu. Mkurugenzi alisaini kila ukurasa. Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi aliyetajwa humo alikuwa mhasibu wao, na mhasibu mwenyewe alilijua hilo kutoka kwangu. Walilipia kazi hiyo pesa nyingi, na ubaya ni kwamba baada ya kulipa waliacha kabisa kujiuliza maswali. Ndiyo hasara kubwa ya vishoka. Pesa mtaitafuta nyingine, lakini kampuni iliyouziwa usingizi haisikii hata mfanyakazi wake anapogonga meza.

Wewe uligonga, ukaonyeshwa cheti. Kwangu hiyo ni taarifa nzito kuliko mkataba wenyewe.

Nikitaka kujua maadili ya kampuni siombi sera. Naomba nielezwe mara ya mwisho ambapo mtu wa ngazi ya chini alisema "hili hapana", na nini kilimpata. Kama hakuna anayekumbuka, au kama aliyesema sasa hayupo, nimeshapata jibu. Naangalia pia kamisheni: mtu wa mauzo analipwa kwa nini hasa? Akilipwa kwa idadi ya vituo, atauza vituo. Akilipwa kwa idadi ya mibonyezo kwenye ujumbe wa dawa, kabla ya mwaka kuisha ataomba kitufe cha kukataa kifanywe kidogo, kisha kihamishiwe ukurasa wa pili, na kila ombi litaonekana dogo. Halafu natafuta daktari. Kampuni ngapi hapa nchini zinaandika programu inayogusa dozi, na hakuna daktari wala mfamasia mwenye mamlaka ya kuzuia toleo jipya lisitoke? Mnakuwa na mtu wa rangi za skrini, mtu wa masoko, mtu wa mitandao ya kijamii, na wa kusoma dozi hayupo.

Wenye kampuni mnaosoma hapa, ninyi ndio mnaolengwa kuliko J. Msambazaji wa kwanza akifanikiwa, wa pili atakuja na bei ya juu zaidi, na wa tatu atataka ujumbe wa mwenzake uondolewe. Zahanati ikigundua, haitafuta ujumbe tu. Itafuta mfumo, na itawaambia zahanati jirani.

Kwako J., fanya hivi. Mwandikie mkurugenzi barua pepe, kwa heshima na bila kumshutumu, uulize: je, zahanati zimeambiwa kwa maandishi kwamba ujumbe huu unalipiwa na nani? Ni daktari au mfamasia gani aliyeupitisha, na kwa kuulinganisha na Mwongozo wa Taifa? TMDA wameuona? Na ripoti ya kila tabibu inatolewa kwa idhini ya nani? Ukiitwa ofisini ukajibiwa kwa mdomo, rudi mezani uandike: "Kama tulivyozungumza leo, nimeelewa kwamba…" na utume. Pendekeza njia mbadala ambayo utakuwa tayari kuiandika: kikumbusho kinachotokana na mwongozo, hakina jina la biashara, hakina malipo kwa mbonyezo, na kitufe cha kukataa kinalingana na cha kukubali. Wakurugenzi wengi hurudi nyuma wakishaona swali limeandikwa na lina tarehe.

Asiporudi nyuma, usiende peke yako. Tafuta mwanasheria wako, si wa kampuni. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na zipo ofisi za Tume, TMDA na TAKUKURU kulingana na unachokilalamikia. Jambo moja ninalokusihi: usinakili mafaili ya wagonjwa kwenye flashi ili yawe ushahidi. Wapo waliofanya hivyo kwa nia njema, wakajikuta wao ndio watuhumiwa wa kwanza. Barua pepe zako, maelezo ya kazi uliyopewa na mchoro wa ule ujumbe vinatosha.