Mimi nipelekeni St. Louis, Februari 1874

Swali la wiki hii linauliza, ukipewa nafasi ya kuingia kwenye mkutano wowote wa zamani ungechagua upi. Najua wengi mtataja vikao vya wakubwa, mimi nataka kikao cha wakulima bana. Kile cha mwaka cha Grange, St. Louis, Marekani, Februari 1874.

Hawa Grange kilikuwa chama cha wakulima kilichoanzishwa Washington Desemba 1867, na muasisi wake Oliver Kelley alikuwa karani tu wa idara ya kilimo, ametumwa kusini mwa Marekani baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe akakuta wakulima wamechoka mbaya. Yeye alikuwa Freemason, ule udugu wenye siri na ngazi zake, kwa hiyo akaunda chama chenye siri zake, alama za mkono, neno la kupitia mlangoni, ngazi saba za kupanda. Mi hayo mambo ya siri hayanisumbui. Kinachonivuta ni kwamba mpwa wake, Caroline Hall, alimbana wanawake waingie kama wanachama kamili, na wakaingia, wanapiga kura humo ndani wakati katiba ya nchi imekuja kuwapa kura 1920!

Sasa 1874 hali ilikuwa moto. Benki zilianza kuanguka Septemba iliyopita, reli zinawatoza wakulima nauli ya mizigo zinavyotaka, wenye maghala ya nafaka nao hivyo hivyo, na watu wanajiunga kwa fujo, mwaka uliofuata walishapita laki saba. Ungetegemea wakae watukane. Wao wakapitisha tamko la malengo yao, na kuhusu madalali wakasema kwa upole kabisaa, yani hatuna ugomvi nao ila wamezidi na hatuwahitaji, wanatupunguzia faida. Nimecheka sana niliposoma hapo. Mama yangu analima viazi Njombe, kila msimu dalali anakuja na gunia la lumbesa limevimba juu kama mjamzito na bei ni ya gunia moja, mama akimuongelea huyo mtu huwezi kuandika hapa.

Na haikuwa maneno tu, walinunua mashine na vifaa kwa pamoja ili wapate bei nzuri, na kule Chicago Montgomery Ward alianza 1872 kuuza kwa posta akiwalenga haohao Grange, unaagiza kwenye orodha mzigo unakuja.

Tamko lilikataza pia siasa za vyama kwenye vikao, halafu likapinga kukopakopa, kuweka rehani, na, shikeni viti, fasheni! Eti vyote hivyo vinafilisi. Ningeenda na mama tukae viti vya nyuma. Cha mikopo angenyoosha mikono yote miwili. Cha fasheni, kwa vile vitenge alivyojaza kabatini, angejifanya hajasikia.