Usikatae kupuliza, kataa kutoa hela mkononi

Pole ndugu yangu. Kama nimekuelewa, trafiki alikusimamisha usiku ukitoka Morogoro kuja Dodoma, ukakataa kupuliza kipima ulevi, akataka elfu ishirini "mmalizane".

Kupuliza usikatae tena. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa, hata kama hujaonja kitu. Puliza, kisha omba uoneshwe namba; kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu.

Hela mkononi usitoe kabisa! Mwambie kwa upole, "Afande, niandikie." Faini halali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number). Mimi nilipoomba hivyo, niliachiwa. Hukubali kosa? Una haki ya kwenda mahakamani. Akikulazimisha hongo, piga TAKUKURU, 113. Kukiwa na majeruhi, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo.